Kosa Lililokuwa Likihamahama

Mliniomba, nyinyi vijana wa chumba cha mashine, niwaandikie mambo ya kazini kabla sijayasahau. Sisahau upesi hivyo. Lakini nimestaafu juzi tu, kuku wangu wa Rodi Kopany hawana haja na mawaidha yangu, na mume wangu amekwisha kusikia kila kisa mara za kutosha, kwa hiyo zamu ni yenu. Vyeo sitavitaja. Walionipandisha wanajua, na walionikawiza wanajua zaidi. Nitawaambia nilivyojifunza kazi, kisha niwape habari ya mashine moja ya Homa Bay iliyokaribia kumfukuzisha kazi mtu asiye na hatia.

Kazi niliianzia Migori mjini, dukani kwa Bwana Swaleh. Alikuwa mtu wa pwani aliyekuja kuuza redio, akabaki kuzitengeneza, na kompyuta zilipoanza kufika mjini akazitengeneza nazo. Siku ya kwanza nilivaa sketi ya kanisani, maana nilidhani kazi ya kompyuta ni kuketi mbele ya skrini na kuonekana msomi. Akanipa brashi ya kupakia rangi na kifutio cha penseli, akaniweka mbele ya mashine iliyojaa vumbi jekundu, akasema, "Haya mwanangu, mwanzo mfahamiane. Isafishe." Sketi ile haikurudi kanisani tena.

Nilipomaliza vumbi nikanyoosha mkono kuchomoa RAM, ule ubao mdogo mwembamba ambamo mashine huweka mambo inayoyafanyia kazi kwa wakati huo. Bwana Swaleh, mtu mpole ambaye hata mbuzi wa jirani hakuwahi kumfokea, akapiga ukelele: "Shika chuma kwanza!" Mwili wa mtu hubeba umeme kidogo asioujua, na umeme huo unatosha kuua ubao wa RAM bila kuacha alama. Ukigusa chuma cha kasha kwanza, unashuka wote huko. Tangu siku hiyo nashika chuma kwanza, hata nikifungua friji ya nyumbani, na wanangu hunicheka.

Kifutio kilikuwa cha meno ya RAM. Yale meno ya shaba hushika utando, hasa penye unyevu na vumbi, nawe unayasugua taratibu mpaka yang'ae. Mashine nyingi zilizoletwa kwetu zikiwa zimelia kilio cha mwisho zilifufuka kwa kifutio cha mtoto wa shule. Tulikuwa tukifanya kazi hiyo nyuma ya pazia, kwa sababu mteja akiona kifutio hakosi kuanza kubishania bei. Hapo na nyinyi mjifunze.

Kiswahili cha Bwana Swaleh kilikuwa kimenyooka. Changu kilichechemea kutoka kwenye Dholuo, na kila nikifungua mdomo alifumba macho kama mtu aliyeumwa na jino. Lakini hakunidharau hata siku moja. Alinifundisha kubadilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, kwa sababu ukibadilisha viwili na ugonjwa ukapona, hujui umeponya nini. Jambo la pili alinifundisha kwa vitendo. Mama mmoja wa sokoni alileta redio inayozimika mchana. Pale dukani, penye kivuli, ikaimba kutwa nzima bila kukohoa. Mwingine angemwambia yule mama redio yako ni nzima, nenda. Bwana Swaleh aliitoa nje, akaiweka kwenye saruji juani, akavuta kigoda akaketi kando yake huku watu wakipita na kumuuliza kama amefilisika. Jua lilipopanda, redio ikanyamaza. Akainuka, akajipangusa jasho, akasema, "Ugonjwa wa juani hautafutwi kivulini."

Aliporudi kwao pwani, nami nikapata kazi Homa Bay, katika ofisi iliyokuwa ikiandika programu za dispensari: dawa zilizobaki, watoto wanaotakiwa kurudi kuchanjwa, mambo ya namna hiyo. Mimi sikuwa mwandishi wa programu. Mimi nilikuwa mama wa mashine. Chumba changu kilikuwa ghala la mahindi zamani, mabati juu, ukuta mmoja unatazama magharibi, na dirisha dogo ambalo wale wadudu wa ziwani, wanaokuja kama moshi na kufa kama mvua, walilipenda kuliko madirisha yote ya mji.

Kwa wale wageni wa kazi hii, nieleze kidogo. Mwandishi wa programu huandika maagizo kwa maneno ambayo binadamu anaweza kuyasoma. Kisha mashine moja kubwa hukusanya maagizo ya waandishi wote na kuyageuza kuwa programu moja inayoweza kutumika. Huo ndio ujenzi, ingawa pale ofisini wote tuliuita build. Mmoja akikosea, ujenzi wote unakwama, skrini inageuka nyekundu, na kazi ya kila mtu inasimama.

Ofisi yetu ilikuwa na desturi. Ujenzi ukikwama, aliyetuma kazi yake mwisho ndiye mwenye kosa, na kesho yake huwanunulia wenzake samaki wa kukaanga kutoka ufuoni. Desturi hiyo aliianzisha Robi, mwandishi wetu hodari, Mkuria mwenye mzaha usioisha na tumbo lisilojaa. Ilikuwa desturi nzuri kwa upande wa samaki. Kwa upande wa ukweli ilikuwa balaa, kwa sababu hukumu ilikuwa imekwisha kutoka kabla mtu hajaangalia kosa lenyewe.

Ndipo akaja Awino, binti wa Rangwe, mwandishi mpya aliyekuwa bado katika miezi ya majaribio. Alikuwa na bidii. Asubuhi alikwenda dispensari kuwafundisha manesi kutumia programu, mchana akarudi ofisini kuandika na kutuma kazi yake. Na kila siku mbili tatu, ujenzi ulikwama akiwa yeye wa mwisho kutuma. Angebadilisha kitu kidogo, angetuma tena, na ujenzi ungepita. Basi wote wakasema, mnaona? Kosa lilikuwa lake, amelirekebisha mwenyewe. Tulikula samaki wa Awino mpaka yule mama wa ufuoni akamjua kwa jina.

Mimi sikuitwa. Mashine inayonguruma na kuwaka taa, nani atamwita fundi? Niliitwa stima ikipotea na printa ikikwama. Nilikuja kujua habari hizi Jumanne moja, Awino alipoingia chumbani kwangu ameikumbatia laptop ya ofisi.

"Mama, nimekuletea hii mapema. Ijumaa nitakuwa nimeenda."

"Umeenda wapi?"

"Rangwe. Nitasaidia mama kuuza nguo." Aliiweka mezani polepole. "Boss ameniita. Miezi yangu inaisha Ijumaa, na wiki ijayo programu inafunguliwa kwa dispensari zote. Amesema hawezi kubeba mtu anaangusha build kila siku. Na mimi simlaumu. Hata mimi ningejifuta."

Nilimwambia aketi. Aliketi, akaanza kulia bila sauti, na mimi sijui kumfariji mtu kwa maneno matupu, kwa hiyo nikamuuliza juu ya kazi. Makosa yenyewe yanasemaje?

"Hayasemi kitu moja, Mama. Leo inalilia huku, kesho inalilia kule. Jana imelilia file ya Robi, na mimi hata sijaiguza hiyo file."

"Rudia hapo."

"Nimesema sijaiguza."

"Ukaipita vipi?"

"Nilibadilisha tu kitu kidogo kwa file yangu, nikatuma tena. Ikakubali."

Vijana, kuna siku masikio husimama yenyewe. Kosa la mtu lina makazi. Ukiandika vibaya mstari fulani, mashine itakukwaza kwenye mstari huo huo asubuhi, mchana na jioni, mpaka uurekebishe. Halihami. Kosa linalozurura, leo kwa Awino kesho kwa Robi, halafu linapona kwa dawa iliyopakwa mguu mwingine, hilo si la mwandishi. Mashine inapokea neno sahihi, inaliweka kwenye RAM, na ikirudi kulichukua inakuta si lile ililoweka. Kikulacho ki nguoni mwako. Nilimwambia Awino achukue laptop yake arudi kazini, na kwamba Ijumaa bado iko mbali.

Nilianza na jaribio dogo. Nilichukua faili moja kubwa, nikaiagiza mashine itengeneze nakala nyingi, kisha iniambie kama nakala zote zinafanana. Zikafanana zote isipokuwa moja. Moja tu! Lakini nakala ya mashine si nakala ya mkono. Hairuhusiwi kukosea hata hiyo moja. Nikaenda kwa Bwana Ouma, meneja wetu, nikamwomba mashine yote kwa muda wa kuipima RAM. Alikuwa mtu wa haki, ila mwenye haraka, na wiki ile dispensari zote zilikuwa shingoni mwake. Akanipa Jumatano asubuhi hadi saa sita, si zaidi.

Jumatano nikaifungua. Wadudu wa ziwani walikuwa wamejaa kwenye feni kama makapi ya mtama. Nikawatoa kwa brashi, ila RAM yenyewe sikuigusa, kwa sababu nilitaka kuipima kama ilivyo. Nikachomeka flash yangu, ile ndogo ya kubebea faili, yenye programu ya kupima, ambayo huandika na kusoma kila chumba cha RAM, huku na huku, bila kuchoka. Ikapima asubuhi nzima. Saa sita skrini ikaandika kwamba hakuna kosa hata moja.

Robi alikuwa amesimama mlangoni. Hakuwa na ubaya, lakini mzaha haukumtoka, na kwake mama ni Mathe. "Mathe, pole. Lakini lisemwalo lipo."

Bwana Ouma naye akaja, akatazama skrini, akaniita kwa jina la kwetu, binti wa Kopany, kama afanyavyo akitaka kunikatalia kwa heshima. "Nyar Kopany, mimi nakuheshimu sana. Lakini mashine imepita mtihani. Mkutano na Awino ni Ijumaa saa tatu, na sioni sababu ya kuubadilisha."

Niliumia, siwafichi. Niliona haya, na chini ya haya kulikuwa na hasira, na hasira yenyewe sikujua niielekeze wapi. Nikachomoa flash yangu nikawarudishia mashine. Nilibaki nimeketi pale chini ya mabati nikitokwa na jasho, nikimngoja Awino arudi kutoka dispensari. Alipoingia alinitazama mara moja. Alisoma usoni mwangu.

"Si nilikwambia, Mama."

"Nyamaza kwanza. Kazi yako huwa unatuma saa ngapi?"

"Mchana. Saa nane, saa tisa. Asubuhi niko kwa manesi."

"Na Robi?"

"Robi hutuma asubuhi, halafu mchana anakuwa kwa mikutano."

Nikatazama juu kwenye mabati. Nikatazama ule ukuta wa magharibi. Nikaweka kiganja juu ya kasha la mashine, na lilikuwa la moto kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi. Asubuhi mimi nilikuwa nimeipima ikiwa imepoa, tena feni imetoka kusafishwa. Awino alikuwa akiitumia ikiwa inaungua. Yule mtoto alikuwa akihukumiwa kwa sababu ya saa anayofika kazini.

Lakini muda niliopewa ulikuwa umekwisha na mashine iko kazini, nikasema basi, kesho mchana nitaiomba tena niipime juani. Alhamisi ikanyesha mvua kuanzia alfajiri mpaka jioni, mvua ile ya ziwa isiyo na adabu. Chumba kikawa baridi, kila ujenzi ukapita, na wale waliokuwa wakimwonea Awino huruma wakamwambia ona sasa, ukijitahidi unaweza. Sijawahi kuichukia mvua kama siku hiyo, mimi mkulima.

Ijumaa nilifika kabla ya wote. Mkutano ulikuwa asubuhi, na jua la Homa Bay halitoki mapema kwa ajili ya mtu. Nikavuka barabara hadi saluni ya jirani, nikamwomba mwenyewe aniazime drayer ya nywele. Akauliza, "Unaoshea ofisini?" Nikamwambia nina mteja mwenye kichwa kigumu.

Nikaanzisha upimaji, kisha nikawaita wote watatu, Bwana Ouma, Robi na Awino, chumbani kwangu. Bwana Ouma akaitazama saa yake, akaitazama drayer, akanitazama mimi. Nikamwambia, "Bwana Ouma, nipe muda wa kunywa chai tu. Mashine hii nitaipasha joto lile lile inalolipata saa nane mchana. Simwombei mtu huruma. Kama haitakosea, endelea na mkutano wako, na mimi sitasema neno."

Nikashika chuma kwanza, nikaelekeza drayer kwenye RAM, si karibu ya kuunguza, umbali wa kiasi, nikawa naipitisha huku na huku. Kwa muda hapakutokea kitu. Drayer ilivuma, Awino alikuwa akiangalia sakafu, nami moyoni nilikuwa nikimwomba Mungu na Bwana Swaleh kwa pamoja. Ndipo mstari mwekundu ukatokea kwenye skrini. Ukafuata mwingine. Kisha makosa yakamwagika, mistari juu ya mistari, hata Robi akashika kichwa.

"Wee! Mathe! Inakosea yenyewe!"

"Bado," nikasema. "Sasa tumtafute ni nani kati yao."

Zilikuwa RAM nne. Nilitoa moja, tukapima na kupasha, makosa yakaendelea. Nikairudisha nikatoa ya pili, vivyo hivyo. Robi ndiye aliyekuwa ameshika drayer sasa, tena kwa nidhamu ambayo sikuwahi kumwona nayo. Nilipotoa ya tatu, skrini ikatulia. Tukaipasha mpaka kasha likawa moto, ikaendelea kutulia. Nikaisugua ile ya tatu kwa kifutio, kuipa haki yake ya mwisho, nikairudisha, na wekundu ukarudi nayo. Nikaitoa nikaiweka kwenye kiganja cha Bwana Ouma.

Aliigeuzageuza kwa muda mrefu. "Kwa hiyo hizi siku zote..."

"Hizi siku zote."

Bwana Ouma nitamsifu hapa, kwa sababu anastahili. Hakutafuta maneno ya kujificha. Alimgeukia Awino mbele yetu sote, meneja mzima, akamwambia kwa Dholuo, "Awino, ng'wonna," yaani nisamehe, kisha akasema hakuna mkutano, arudi mezani kwake. Robi alikwenda ufuoni mwenyewe mchana ule, na aliporudi na samaki akatangaza kwamba desturi yake imekufa. Kuanzia hapo, ujenzi ukikwama, kwanza unarudiwa bila mtu kugusa kitu. Ukikwama pale pale, tafuteni mtu. Ukikwama kwingine au ukipita, niiteni mimi.

Nimetengeneza mashine nyingi maishani, na nyingi nimezisahau kama mlivyosahau uji wa jana. Hiyo sijaisahau, na najivunia. Nasema bila haya: siku ile nilikuwa fundi hodari, na ningetamani Bwana Swaleh angekuwa mlangoni.

Lakini mtu si mashine, kwamba ukitoa kilichoharibika anatulia papo hapo. Awino alibaki kazini, akaandikwa rasmi, na bado nikaona kila akitaka kutuma kazi yake anageuka kwanza kuangalia nyuma, nani anamtazama. Alikuwa ametununulia samaki wengi mno akiamini ni makosa yake. Programu ilifunguliwa kwenye dispensari, ikaenda vizuri, na yeye akawa bado anageuka.

Kisha mchana mmoja wa jua kali, skrini ikawa nyekundu. Awino ndiye aliyetuma mwisho. Robi akaacha kutafuna, na mimi niliyekuwa nimekuja kuangalia printa nikaiacha wazi. Nilifikiri, Mungu wangu, nimebakiza nyingine mbovu. Awino alikuwa amepauka. Akarudia ujenzi bila kugusa kitu. Ukakwama. Akarudia tena. Ukakwama kwenye faili ile ile, mstari ule ule.

Akaufungua mstari. Akausoma. Kisha akaruka kutoka kitini, mikono kichwani, anacheka machozi yakimtoka.

"Mama! Ni yangu! Hii ni yangu kabisa! Nimesahau kufunga mabano!"

Tulicheka wote mpaka watu wa saluni wakachungulia. Yeye akajipangusa macho, akaketi, akalirekebisha kosa lake, akatuma, na hakugeuka kuangalia nyuma.